TAHADHARI: Muuzaji wa "mabati ya HO" kwa majengo ya treni za modeli

Wadau wa treni za modeli, kuna jamaa anazunguka mitandaoni akiuza mapaa ya stesheni na maghala yaliyo tayari, skeli ya HO (1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko kitu halisi), "bati la migongo lenye kutu halisi". Picha zake zinatoa udenda. Kabla hujamtumia hata mia, soma hapa.

Niliagiza paa la stesheni ndogo na la ghala la mizigo kwa ajili ya kipande cha Reli ya Kati ninachojenga, cha enzi za injini za mvuke. Sharti lake ni nusu ya hela mbele, nyingine akikutumia picha ya risiti ya basi. Risiti ilikuja kweli, na mzigo ukaja. Ila mzigo huo na picha havina undugu.

Kwenye picha kila bati limelaliwa na mwenzake, kofia ya paa kule juu imekaa, na chini ya misumari kuna michirizi ya kutu. Kilichofika ni kipande kimoja kizima cha plastiki ya printa ya 3D. Ukingo wake una unene wa milimita 1. Zidisha mara 87: hilo ni bati la sentimita 8.7, nene kama godoro la mtoto! Bati la kweli la geji 28 halifiki hata nusu milimita. Kutu yenyewe ni rangi ya kupuliza, ukiikwangua kwa kucha inatoka.

Lakini utapeli hasa uko kwenye migongo. Bati la kawaida, kutoka mgongo mmoja hadi wa pili ni kama milimita 76. Gawa kwa 87, kwenye sentimita moja ya modeli unatakiwa uhesabu migongo 11 hivi. Kwenye lake nimehesabu 6 kasoro. Hiyo ni skeli ya O, 1:43.5, kubwa mara mbili ya HO, imekatwa fupi na kubandikwa jina la HO. Nikarudi kwenye matangazo yake: paa lilelile, picha ileile, watu wa N (skeli ndogo kuliko HO) anawauzia, wa HO anawauzia, wa O nao wamo. Fundi kenchi yeyote angecheka.

Picha nazo si zake. Nilizitafuta mtandaoni kwa picha zenyewe, zikanipeleka kwa mjenzi mmoja wa Uingereza. Jamaa kakata tu kona yenye jina la mwenyewe.

Nilipomuuliza, kwanza akasema nikipaka poda ya rangi ya kuzeesha modeli itakaa sawa. Kisha akaniahidi punguzo kwenye oda ijayo (oda gani tena?). Nilipomtumia picha ya rula akanipiga bloku.

Kwa hiyo ukikutana na mtu wa namna hii, mwombe picha ya paa likiwa kando ya rula, ya ukingo, na ya upande wa ndani, pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo. Asiye na mzigo ataanza ngonjera. Tazama pia jina linalotokea kwenye muamala. La huyu halifanani kabisa na la ukurasa wake.

Na kusema kweli, bati la HO halihitaji muuzaji. Chukua foili ya kontena la chipsi, ilaze juu ya kitu laini, kisha viringisha juu yake bolti ndefu ya M5 (unene milimita 5), ambayo kutoka uzi mmoja hadi wa pili ni milimita 0.8. Mistari italala upande kidogo, wewe kata ukiifuata. Bati la futi 8 linatoka milimita 28 kwa 7.6. Panga moja moja ukianzia chini, yapandishane, halafu praima kwanza, bila hiyo rangi haishiki kwenye alumini. Kutu unaipata kwa chaki nyekundu iliyosagwa au vumbi la barabarani lililochekechwa. Vumbi lipitishe sumaku, maana chembe za chuma zikiingia kwenye mota ya injini yako utalia.

Kama umeshamlipa, usifute meseji wala miamala, peleka polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa watu kama hawa. Namba ya simu ya muuzaji huyo sitaibandika hapa. Anayetaka kulinganisha anitumie inboksi tarakimu 3 za mwisho za aliyomtumia hela, nitamjibu kama ndiyo yenyewe.