Pro Stick Plus juu ya paa la Mombasa: inachonasa na inachokosa

Anayenunua Pro Stick Plus ya FlightAware ili aone ndege za kivita zikifukuzana juu ya Bahari ya Hindi atavunjika moyo. Anayetaka kujua ni nani anapita angani, na ni nani kajificha, pesa yake haitapotea.

Ni kipokezi cha USB kisichozidi fleshi kwa ukubwa. Husikiliza megahezi 1090, ambako transponda, redio ya ndege inayojitambulisha, hujibu rada na kutangaza namba ya ndege, mwinuko na mahali ilipo. Ndani mna amplifaya ya desibeli 19 hivi pamoja na filta, na filta ndiyo sababu ya kukichagua mjini hapa: mawimbi ya minara ya simu ya megahezi 900 hulemea kipokezi kisicho nayo. Lakini filta hiyohiyo hukata kila kitu kingine. Ukitaka kusikiliza megahezi 121.5, masafa ya dharura ambayo rubani akikabiliwa na ndege za kivita hutakiwa kuita, nunua cha pili, mfano RTL-SDR Blog V3.

Kazi kubwa iko kwenye antena. Ikiwa mita 15 juu ya bahari, na mbele pako wazi, ndege iliyo mita 10,000 hunaswa hadi kilomita 420 hivi. Iliyo mita 300 hupotea ikishapita kilomita 87. Kumbuka anga ya nchi huishia maili 12 za baharini, kama kilomita 22, na ndege ya kilomita 900 kwa saa huzimaliza kwa dakika moja na nusu.

Usitumie waya wa RG-58. Mita 10 tu hula zaidi ya desibeli 6, yaani hata robo ya nguvu haifiki, na amplifaya iliyo mwisho wa waya haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea njiani. RG-6 hula 2 hivi. Bora zaidi, weka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kuchomekea kipokezi, karibu na antena kisha ushushe waya wa mtandao, ila si chini ya mabati bila tundu la hewa. Viungo vifunge kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Chumvi ya bahari haina huruma, na ukiona ukijani kwenye shaba, kata uanze upya. Pi 4 ipe volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu hushusha volti, na kipokezi hukatikakatika.

Ndege za mbali zikionekana huku zinazopaa Changamwe zinapotea, umeongeza nguvu ya upokezi kupita kiasi. Punguza mpaka ujumbe unaozidi -3 dBFS, yaani unaokaribia kikomo cha kipokezi, uwe chini ya asilimia 5.

Sasa jeshi. Weka programu za readsb, inayosoma ujumbe, na tar1090, inayouonyesha kwenye ramani, bonyeza U, zibaki za kijeshi peke yake. Namba zinazoanza na AE ni za jeshi la Marekani, 43C za Uingereza. 04C ni Kenya, ya kiraia na ya serikali pamoja. Utapata zaidi za mizigo na za doria. Ndege ya kivita ikiwa kazini mara nyingi huzima transponda, au hutoa mwinuko bila mahali, ikabaki kwenye orodha tu. Kuikadiria mahali kwa MLAT, yaani kulinganisha nyakati ambazo ujumbe mmoja umefika kwenye vipokezi tofauti, kwa kawaida kwahitaji vipokezi vinne vinavyoisikia pamoja, na upande wetu wa mashariki ni maji matupu.

Kwa hiyo ndege ikikabiliwa, utakayoiona ni ile ya kiraia: pengine transponda yake ikitoa namba 7600 kwa sababu redio imekufa, kisha 7700 ya dharura, isipokuwa imeelekezwa vingine. Hata Baltiki, ambako NATO inalinda anga tangu 2004 na vipokezi vimejaa, ndege za Urusi zinazoruka bila transponda hazionekani hivi.

Data itume kwenye tovuti ya ADS-B Exchange, ambayo haifichi za kijeshi. Na kama unakaa Mji wa Kale umezungukwa na ghorofa, nunua mlingoti kwanza, kipokezi baadaye.