Regulata ilipoanza kumwaga hewa mita 15 chini ya maji: uzoefu wangu Mafia

Nilijifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa Januari iliyopita, kwenye Ghuba ya Chole kisiwani Mafia, katika kituo kimoja cha Utende. Jina la kituo nimeliacha makusudi, kwa sababu yaliyonikuta yanaweza kumkuta mtu Nungwi, Diani, Watamu au popote anapokodi vifaa asivyovijua historia yake.

Nianze na mafunzo, maana ndiyo yaliyoniokoa. Siku mbili za mwanzo hatukwenda mbali. Tulikaa kwenye maji ya mita mbili karibu na ufuko, tukarudia mambo yale yale mpaka vidole vikakunjamana: kutoa maji kwenye maski, kuitafuta regulata, yaani kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, iliyokutoka mdomoni, kupumulia oktopasi ya mwenzako, yaani ile regulata ya akiba yenye bomba la njano, na kuchomoa bomba la hewa la jaketi la kuelea endapo kitufe kimekwama kwa mchanga na jaketi linajijaza lenyewe. Mwalimu wetu, kijana mzaliwa wa Jibondo, alikuwa na zoezi moja lililonitoa jasho ndani ya maji. Alibonyeza kitufe cha regulata yangu kwa kidole gumba akakishikilia. Hewa ikamwagika kama bomba lililopasuka, na mimi nikatakiwa nipumue hapo hapo kwa nusu dakika. Siri yake ni kutofumba midomo. Unaigusisha tu mdomoni, unachukua hewa unayohitaji kama unavyokunywa maji ya bomba kwa mdomo, nyingine unaiacha ipite pembeni. Mimi kila mara nilikuwa naifumbia. Nikapaliwa, nikaibuka nikikohoa.

"Tena, dada," akasema. Tukarudi chini. Mara nne.

Wakati ule nilimwona mkali kupita kiasi. Leo namwombea heri kila nikikumbuka.

Siku ya tatu tulitoka na boti, maji yakijaa, bahari ya kaskazi imetulia. Nilipofungua mtungi wangu nikasikia regulata inatoa mlio mdogo, sss, kama jiko la gesi lisilofungwa vizuri. Nikamwambia msaidizi wa boti. Akaigonga kwa kiganja mara mbili, mlio ukakatika, akanijibu, "Kawaida tu hiyo, usijali." Mwalimu alikuwa upande wa pili anamfungia mwanafunzi mwingine mkanda wa vipande vya risasi vya kumpa uzito wa kuzama, hakusikia. Nami nikanyamaza. Geji ya mtungi ilisoma bar 200, yaani umejaa, nikajiambia wenyewe wanajua.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, na ukishuka pale unaona faida yake. Matumbawe yamejaa samaki, wengine wanakusogelea bila woga. Tulikuwa mita 15, geji yangu bar 130, natazama chewa mkubwa aliyejibana chini ya jiwe. Ghafla kelele. Sijui niielezeje. Ni mngurumo unaoanzia kwenye meno na kujaa kichwani, mapovu yakaifunika maski nisione hata mkono wangu. Roho ilinipaa. Kila kiungo kilitaka kukimbilia juu.

Na hapo ndipo watu huumia. Hewa iliyo kifuani ukiwa mita 10 inakuwa maradufu ukifika juu. Mwenye hofu akabana pumzi huku anapanda, mapafu yanaweza kupasuka. Tulifundishwa hivyo darasani, lakini kusema kweli sikulikumbuka somo. Kilichokumbuka ni mdomo. Midomo iliachia yenyewe, kichwa kikainama kidogo upande, nikavuta pumzi moja katikati ya mapovu. Halafu nyingine. Ndipo nikajua hewa ninayo.

Nikauweka mkono bapa na kuutikisa, ishara ya kuna tatizo, nikaionyesha regulata. Mwalimu alikuwa ameshafika. Alinikabidhi oktopasi, akanishika mkanda wa jaketi, akanitazama usoni mpaka nikampa ishara ya sawa. Tulipanda taratibu, jicho lake kwenye kompyuta ya kuzamia aliyoivaa mkononi kama saa, na kwa kuwa mtungi wake ulikuwa na hewa ya kutosha tulisimama mita 5 kwa dakika 3 kama kawaida. Geji yangu hapo ilikuwa chini ya bar 20. Juu ya maji jaketi nililijaza kwa kupuliza mwenyewe kwa mdomo, jambo jingine tulilolifanyia mazoezi na nililoliona la kupoteza muda.

Tuliporudi ufukweni mwalimu aliifungua regulata mbele yangu mezani. Ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi kazi yake ni kupunguza msukumo mkubwa wa hewa hadi kama bar 10 juu ya ule wa maji yanayokuzunguka. Ndani yake kuna kipande kidogo cha plastiki ambacho vali hukikalia. Changu kilikuwa na alama ya mduara iliyozama, unaihisi kwa ukucha. Kikichakaa hivyo hakizibi sawasawa, msukumo unapanda kwenye bomba mpaka unailazimisha vali ya mdomoni ifunguke. Ndiyo maana regulata ikiharibika mara nyingi humwaga hewa badala ya kuikata, na nashukuru zimeundwa hivyo. Tulipotazama daftari la matengenezo, seti ile ilikuwa imepitisha zaidi ya mwaka bila kufanyiwa huduma.

Hapo siwezi kuwasamehe kirahisi. Mlio wa asubuhi ulikuwa ni regulata inasema, na msaidizi akainyamazisha kwa kiganja. Mwenye kituo aliomba radhi bila kuzungukazunguka na akaziondoa seti mbili kwenye matumizi siku ile ile, hilo nalitambua. Lakini ingekuwa mgeni aliyefanya zoezi lile mara moja tu ili mtu aweke tiki kwenye fomu, sidhani kama angetulia.

Kwa hiyo mafunzo nawapa nyota tano bila kusita, vifaa nawapa mbili. Ukienda popote kukodi, omba daftari la matengenezo kabla ya kuuliza bei, na usipande boti na kifaa kinacholia hata kama kila mtu anakuambia ni kawaida. Mimi nilikaa kimya, na kimya kile bado kinaniuma kuliko kilichotokea chini.

Kesho yake nilipewa seti nyingine. Nilifungua mtungi, nikavuta pumzi tano nikiitazama geji, sindano haikucheza. Kisha nikaiweka regulata sikioni, nikamwomba mwalimu naye asikilize.

"Iko kimya," akasema. Tukashuka.