Ushauri baada ya uzazi mgumu: nyota 4, ya 5 nimeibana

Nimemaliza sesheni ya 9 wiki iliyopita, nikasema acha niandike maana kabla sijaenda nilitafuta sana aliyepitia nikakosa.

Mimi nilijifungua kwa oparesheni ya dharura, damu ikatoka nyingi, kuna dakika nilisikia kabisa wanaongea kama vile sipo. Mtoto mzima, kidonda kikapona, ila miezi 5 baadaye nikisikia kitu kinapiga pii pii kama zile mashine, hata saa ya kuamshia tu, naloa jasho mikono inatetemeka. Chanjo za mtoto alikuwa anampeleka baba yake, mimi lile geti la hospitali silisogelei. Na kila mtu "shukuru uko hai", haya nimeshukuru, usingizi uko wapi?

Kliniki nilishajazishwa yale maswali 10 ya Edinburgh, fomu ya kupima sonona kwa waliojifungua, nikaambiwa huna sonona, nenda. Ni kweli sikuwa nayo, ile fomu inauliza ulivyojisikia siku 7 zilizopita, haiulizi kama ile siku ya kujifungua inakurudia. Huyu mwanasaikolojia swali lake la kwanza: ni kitu gani unakikwepa? Nililia dakika 20, hakunikatisha. Akanieleza hiki ni kiwewe, wiki za mwanzo wengi huhangaika halafu hutulia wenyewe, ila dalili zikivuka mwezi na maisha yamekwama hapo inatakiwa tiba, na kwamba inawapata kama wanawake 4 kwa kila 100 wanaojifungua. Jamani nilidhani ni mimi tu.

Tiba yenyewe EMDR, unalikumbuka lile tukio huku macho yanafuata kidole chake kushoto kulia. Moyoni nikasema huu sasa uganga. Sesheni ya 2 nilitoka hoi, usiku nikaota vibaya kuliko zamani, na hapo nawalaumu, wangeniambia mapema kwamba mwanzoni yanaweza kuchafuka, maana nilitaka kuacha. Kuanzia ya 5 hivi picha bado ipo ila imekaa mbali, kama yalimkuta mtu ninayemfahamu.

Nyota niliyobana ni hii: mtoto haruhusiwi kuingia na hakuna pa kumwacha. Huduma ya waliojifungua, halafu anayenyonya abaki na nani? Nilighairi mara 2 kwa hilo. Na dada wa mapokezi apunguze sauti, anakuuliza tatizo lako benchi zima linageuka.

Jumanne chanjo nimempeleka mwenyewe. Nilikaa karibu na mlango, ila nilikaa mpaka tukaitwa.