Samaki wa beta: bakuli au tangi?

Bakuli la kioo linapendeza mezani, na beta, samaki mdogo wa mapambo, huweza kukaa humo kwa muda kwa sababu ana kiungo cha kuvuta hewa juu ya maji. Ila kupumua tu hakutoshi. Ndani ya lita 2 au 3, kinyesi na mabaki ya chakula hujaza amonia, sumu kwa samaki, upesi, na usiku ukiwa baridi, maji nayo hupoa. Utamkuta amelala chini, mapezi yamejikunja, chakula hakigusi.

Tangi la lita 20 lenye hita na chujio lina gharama zaidi mwanzoni. Lakini maji hubaki kwenye nyuzijoto 24 hadi 28, na bakteria wanaoota kwenye sponji ya chujio huivunja amonia. Unabadilisha kama robo ya maji kwa wiki, basi. Mkondo uwe mpole, maana mapezi marefu ya dume hayawezi kushindana nao. Mfuniko usikose: beta huruka!

Iwe bakuli au tangi, ondoa klorini kwenye maji ya bomba, na madume wawili usiwachanganye kamwe.

Mimi ni wa tangi. Bakuli nalitumia kumshikilia samaki wakati wa usafi tu.