Ukinunua redio ya nyumbani Lamu, anza na spika

Katika pesa ulizoweka za redio, zaidi ya nusu zipeleke kwenye spika. Amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, ifuate, kisha kifaa cha kuchezea muziki, na waya mwisho. Mpangilio huu naushikilia hata kama mfukoni mna shilingi 15,000 tu.

Spika ndiyo inayotikisa hewa. Amplifaya mbili nzima, zikichezwa kwa sauti ya kiasi, ni taabu kuzitofautisha ukifumba macho, lakini spika mbili, hata mtoto atakwambia hizi si sawa. Weka taarabu ya udi na fidla. Kwenye spika nzuri utasikia uzi ukiguswa kabla ya sauti kujaa. Kwenye sabufa za plastiki zenye taa za rangi hubaki dumbaki likivuma, na muimbaji kama aliyezibwa pua.

Kwa hivyo mimi huchagua spika za mtumba zenye kasha la mbao kuliko mpya za plastiki za bei hiyohiyo. Ila zikague. Toa kitambaa cha mbele uangalie ule mduara unaoshika karatasi ya spika kwenye fremu. Kama ni wa sponji, ubonyeze taratibu kwa ncha ya kidole. Sponji iliyozeeka hunata, kisha humeguka, na kidole hutoka na unga mweusi. Joto na unyevu wa pwani huimaliza haraka. Niliwahi kununua jozi Malindi bila kuigusa, na miezi miwili baadaye ikawa inakoroma kila besi ikipanda, mduara umechanika nusu. Mduara wa mpira huishi miaka mingi zaidi, na huo ndio wa kutafuta. Halafu sukuma karatasi ndani kidogo kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inasugua, iache. Muuzaji akikosa stima, betri ya volti 1.5 yatosha: gusisha waya mara moja, spika nzima italia "tak".

Kwenye amplifaya, usibabaishwe na namba za boksi. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Plagi yetu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 240 mwisho wake ni kama wati 3,120, kiasi cha birika kubwa la umeme. Redio iliyoandikwa "5000W PMPO" mbele, yaani wati za kufumba na kufumbua tu, huku nyuma inakiri kuvuta wati 60, haiwezi kutoa hata hizo 60 mfululizo. Namba ya kuamini ni ile ya RMS, yaani wati zinazotolewa mfululizo. Na usiogope ikiwa ndogo. Vyumba vya nyumba za mawe hapa vina upana wa karibu mita 3 tu, kadiri boriti za mikandaa zilivyoruhusu. Wati 20 za kweli kila upande zitajaza msana, kile chumba kirefu cha nyumba ya mawe, mpaka majirani wajue unasikiliza nini. Tazama pia desibeli za spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja: zenye 90 huhitaji nusu ya wati zinazohitajiwa na zenye 87 kwa sauti ileile. Spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) usizifunge kwenye amplifaya iliyoandikwa omu 8 pekee, itachemka.

Chumba hakiuzwi dukani, lakini kabla ya kuongeza shilingi yoyote, sogeza spika. Kuta za mawe na chokaa hurudisha karibu sauti yote, na pembeni besi huvimba hadi maneno yakapotea. Zitoe kwenye pembe kama nusu mita, ziinue zifike usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Mkeka mtupu hausaidii sana. Godoro, mito na pazia zito husaidia. Ukuta wenye zidaka ni neema, kwa sababu mashimo yale huitawanya sauti.

Kifaa cha kuchezea kisikuumize kichwa. Simu uliyonayo, ikiunganishwa kwa waya, inatosha, na deki ya CD ya mtumba ni nzuri ikiwa lenzi yake bado inasoma. Mwenye kaseti za zamani za harusi ndiye ninayemshauri atafute deki nzuri mapema, maana utepe nao unaharibika na unyevu.

Waya nunua wa shaba tupu, milimita 1.5 za mraba, kwa mita 5 hivi kila upande. Kwangura ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba juu tu. Hewa ya chumvi huifanya shaba kuwa ya kijani, kwa hivyo mara mbili kwa mwaka mimi hukata ncha sentimita moja, nikaimenya upya na kuibana tena.