Nilipiga 116 kwa ajili ya mtoto wa jirani

Nimestaafu uaskari magereza baada ya miaka 24. Kama kuna namba ningependa kila mtu Tanzania aishike kichwani, ni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto inayoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali la C-Sema.

Nilipiga saa tatu na nusu usiku, simu haina hata salio la shilingi moja. Ni bure, usiku na mchana. Binti aliyepokea hakuanza na mimi ni nani. Aliuliza mtoto yuko wapi sasa hivi, ana umri gani, nani pale karibu anamwamini. Nikamweleza: miaka 9, baba wa kambo, waya wa umeme. Akanisomea maelezo yangu nihakikishe. Jina langu, akasema, si lazima.

Kilichonisukuma si yale makovu. Mtoto alikuja kuomba chumvi, nikainua mkono nijifute jasho, akajikunja palepale, viwiko juu ya kichwa. Mkao ule naujua. Nimewaona wanaume wa miaka 30, wafungwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha, wakijikunja hivyohivyo ukigusa tu kofia yako kuiweka sawa. Zamu ya usiku wakianza kusimulia, wengi wanaanzia nyumbani: kipigo, kutoroka, kulala stendi, kisha wakubwa wa stendi wanakutuma.

Mtafiti wa Marekani, Cathy Spatz Widom, mwaka 1989 alitoa matokeo ya kufuatilia watoto 908 walioteswa au kutelekezwa, akiwalinganisha na wenzao 667 wasio na rekodi ya kuteswa. Waliokamatwa wakiwa bado watoto ni asilimia 26, dhidi ya 17. Lakini ndugu zangu, hesabuni na upande wa pili: karibu watatu kati ya wanne walioteswa hawakukamatwa utotoni. Msimwite mtoto aliyepigwa mwizi wa kesho. Huko ni kumpiga tena.

Udhaifu upo baada ya simu. Ofisi ya huku kwetu iliyopelekewa taarifa ilichukua siku 11 kumleta afisa ustawi wa jamii. Siku 11 chini ya paa moja na mtu yule! Iliniuma sana. Nilipiga tena 116 mara mbili, na kila mara walikuta kumbukumbu zangu, sikuanza upya. Ndio walionielekeza dawati la jinsia na watoto polisi, na hapo mambo yakaenda. Mtoto sasa anaishi kwa bibi mzaa mama.

Ukipiga, andika pembeni tarehe na saa, na usichoke kufuatilia.

Wiki iliyopita alikuja na bibi yake kunisalimia, amebeba kikapu cha mihogo. Nikanyoosha mkono nimpokee. Mabega yakapanda kidogo, akanitazama, kisha akanipa kikapu.