Mafunzo ya michezo ya mantiki ya LSAT pale Chumbageni, Tanga: uzoefu wangu

Watu kadhaa hapa Tanga wameniuliza kuhusu mwalimu wa Chumbageni niliyesoma kwake michezo ya mantiki ya LSAT, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja. Nilisoma kwake hadi mtihani wa Juni 2024. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hapendi kutangazwa. Wanafunzi wake humpata kwa kuambizana.

Kwa asiyeujua, LSAT ni mtihani wa kuingilia shule za sheria za Marekani na nyingi za Kanada. Unaendeshwa na taasisi ya Marekani iitwayo LSAC, alama zake ni kuanzia 120 hadi 180, na wakati wangu mtu aliweza kuufanyia nyumbani kwa kompyuta, msimamizi akimtazama kwa kamera. Nilipoufanya mimi ulikuwa bado na sehemu ya michezo ya mantiki, yaani mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa kufuata masharti: michezo minne, maswali 22 hadi 24, dakika 35. Ukigawanya, kila mchezo unapata chini ya dakika tisa, na ndani ya muda huo usome maelezo, uchore, ujibu maswali yake matano, sita au saba. Mafumbo yenyewe hayatishi. Mpe mtu makini nusu saa na kikombe cha chai, atayapata. Kinachowaangusha watu ni muda.

Kabla ya kwenda Chumbageni nilikuwa nimelipia kozi moja ya video za mtandaoni. Kozi ile ilikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma juu ya skrini tangu zoezi la kwanza kabisa, na ushauri wake ulikuwa mmoja tu: fanya mengi, fanya haraka. Kila nilipofika mchezo wa tatu muda ulikuwa umekwisha. Bando linakwisha, mafumbo yanaongezeka, kasi iko pale pale.

Mwalimu huyu alianza kwa kuiondoa saa. "Weka simu mbali, mdogo wangu. Saa tutaiita ikifika zamu yake." Jioni ya kwanza nzima tulikaa na fumbo moja, na fumbo lenyewe alilitunga yeye kwa majina ya kwetu. Naliandika hapa kwa sababu ndilo lililonionyesha kasi inatoka wapi.

Mabasi sita yanaondoka stendi ya Kange moja baada ya jingine: la Dar, la Handeni, la Korogwe, la Lushoto, la Muheza na la Pangani. Masharti ni manne. La Pangani ni la nne. La Lushoto linafuata mara tu baada ya la Korogwe, hakuna basi kati yao. La Muheza linaondoka kabla ya la Korogwe. La Handeni linaondoka baada ya la Lushoto.

Mtu mwenye haraka anakimbilia swali la kwanza na kuanza kujaribu majibu moja moja. Mwalimu alinizuia. Alichora nafasi sita kwenye karatasi, akaandika P kwenye ya nne, kisha akaniuliza: hawa wawili wasioachana, Korogwe na Lushoto, watakaa wapi? Nafasi ya tatu na ya nne haiwezekani, Pangani yuko pale. Ya nne na ya tano vilevile. Wakikaa ya tano na ya sita, Handeni anakosa mahali nyuma yao. Wakikaa ya kwanza na ya pili, Muheza anakosa mahali mbele yao. Imebaki ya pili na ya tatu tu. Basi Muheza ni wa kwanza, hana pengine pa kwenda. Wanabaki Handeni na Dar kugawana nafasi ya tano na ya sita.

Angalia kilichotokea. Fumbo lililoonekana kuwa na mipangilio mingi lina mipangilio miwili tu, na zote mbili unaweza kuzichora kabla hujasoma swali hata moja. Baada ya hapo kila swali ni kutazama mchoro na kuchagua. Ule muda unaodhani unaupoteza mwanzoni unakurudia kwenye maswali, na chenji inabaki. Mwalimu alikuwa akirudia jambo hili karibu kila jioni: tafuta sharti linalobana zaidi, ambalo mara nyingi ni wale wawili walioshikamana au yule aliyefungwa nafasi moja, uanze nalo, halafu uliza nani amekosa pa kukaa.

Si kila mchezo unabanika hivyo, na yeye hafichi hilo. Kuna michezo ya kugawa makundi, mathalani nani aingie kwenye kamati na nani aachwe, ambayo masharti yake ni ya "ikiwa". Hapo kazi kubwa ni kuligeuza sharti bila kulipotosha. Ukiambiwa ikiwa Asha yumo basi Juma hayumo, unajua pia kwamba Juma akiwemo Asha hayumo. Hujaambiwa kwamba mmoja wao lazima awemo; wanaweza kuachwa wote wawili. Alitufanyisha mageuzi haya kwa mdomo, mmoja anasema sharti, mwenzake analigeuza papo hapo, hadi ikawa kama kuitikia salamu. Kwangu hilo lilifupisha muda kuliko mbinu nyingine yoyote ya makundi.

Utaratibu wake wa mazoezi ni wa kurudia. Mchezo uleule unaufotokopi nakala kadhaa, unaufanya leo, unaufanya kesho, unaurudia wiki ijayo, ukitumia karatasi safi kila mara. Mwanzoni niliona kama ni kukariri majibu. Lakini majibu unayasahau. Kinachobaki ni mkono kujua pa kuanzia. Saa ilirudi baadaye, na haikuja kupima sehemu nzima. Ilipima mchoro tu: kuanzia kusoma hadi mchoro ukamilike. Kisha mchezo mmoja, kisha miwili, mwisho yote minne kwa dakika 35. Mitihani halisi ya zamani tuliipata LawHub, tovuti ya LSAC wenyewe. Akaunti ya bure ina mitihani michache, na muonekano wa skrini ni uleule utakaoukuta siku yenyewe.

Mpangilio wa kujibu nao una faida yake. Swali la kuuliza mpangilio upi unakubalika lifanywe kwanza: chukua sharti moja, pita nalo majibu yote matano, ufute linalovunja, kisha sharti la pili. Yafuate maswali yanayoongeza sharti jipya, kwa sababu michoro yake inakusaidia kujibu yale ya jumla baadaye. Swali la "sharti lipi likiwekwa badala ya hili halibadilishi kitu" liachwe mwisho, linakula dakika. Na kwa kuwa jibu la kosa halikatwi alama, usiache swali lolote tupu.

Siku ya mtihani nilifika mchezo wa nne muda ukiwa bado unatosha kuumaliza bila kubahatisha. Kwangu hilo peke yake lilistahili pesa niliyolipa, shilingi laki mbili kwa kozi yote, kwa awamu mbili.

Yasiyoridhisha pia yapo. Fotokopi ni juu yako, na karatasi zinakwenda nyingi kweli. Barazani kwake umeme ukikatika jioni, kipindi kimeishia hapo, na hana utaratibu wa kukifidia. Ningependa aliweke sawa hili kwa sababu watu wanatoka mbali, wengine Muheza. Tena hafundishi sehemu ya ufahamu wa kusoma, kwa hiyo hiyo niliisoma mwenyewe Maktaba ya Mkoa.

Jambo kubwa kwa anayejiandaa sasa: michezo hii haimo tena kwenye LSAT. Juni 2024 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Kuanzia Agosti 2024 mtihani una sehemu mbili za hoja za kimantiki, yaani maswali ya kuchambua hoja fupi, na moja ya ufahamu, ukiacha ile sehemu ya majaribio isiyohesabiwa. Chanzo chake ni kesi iliyofunguliwa na mtahiniwa asiyeona, aliyelalamika kwamba michezo ile inamtegemea mtu kuchora. Mwaka 2019 LSAC ikafikia makubaliano naye. Mimi naona alikuwa na haki kabisa. Nilichojifunza barazani pale chote kilipitia kwenye kalamu na karatasi, na mtu kunyimwa shule ya sheria kwa sababu haoni mchoro si haki.

Kwa hiyo ukiuziwa kitabu cha LSAT cha mtumba, fungua ndani kwanza. Kikiwa na sura za michezo ya mantiki ni cha zamani, usilipe bei ya kipya. Mwalimu sasa anafundisha hoja za kimantiki, na mageuzi ya "ikiwa" ndiyo anayoanza nayo. Mdogo wangu wa kike ameanza kwake mwezi huu, vipindi vya Jumamosi asubuhi, na ndivyo ningewashauri wengine wachague, maana mchana mwanga upo hata umeme ukikatika.